STIMA NA MAJI HAVICHEZEWI
Somo kwa vikundi vyenye pampu ya kisima

Vikundi vingi siku hizi vimeachana na kamba na ndoo, vikaweka pampu ya stima kisimani. Haya ni maendeleo mazuri. Lakini pampu hiyo hiyo inayotuletea uhai yaweza kuua ikiwa waya zimefungwa ovyo. Tujifunze pamoja.

Hatari iko wapi?

Stima ya Kenya ni volti 240. Ngozi kavu huizuia kiasi, lakini ngozi iliyolowa haizuii sana. Na mtu wa kisimani husimama wapi? Matopeni, bila viatu, mkono umeshika bomba la chuma. Stima ikivuja kwenye pampu, hupitia bomba, ikaingia mwilini, ikatokea miguuni.

Miliampia 50 tu zikipita kifuani kwa sekunde chache zaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Balbu ya kawaida ya wati 60 hutumia miliampia 250, yaani mara tano ya hizo! Ndiyo maana taa za ndani ya maji kwenye mabwawa ya kuogelea hutengenezwa mara nyingi ziwe za volti 12, si 240.

"Lakini sisi tuna fyuzi"

Wengi husema hivyo. Fyuzi ya ampia 13 hulinda waya usiungue. Haimlindi mtu. Mtu atakufa na fyuzi bado nzima. Kwa hiyo kisima kinahitaji mambo haya:

1. Waya wa ardhini. Huu ni ule wa rangi ya kijani na manjano. Uunganishwe na mwili wa pampu, mabomba ya chuma, na chuma kilichopigwa ardhini. Msikubali fundi aukate eti "pampu inafanya kazi bila huo." Kweli inafanya, mpaka siku itakapovuja.

2. Swichi ya kukata stima inayovuja, iliyoandikwa 30 mA. Hiyo hulinganisha stima inayokwenda na inayorudi. Ikiona imepungua, inajua kuna inakopotelea, pengine mwilini mwa mtu, na hukata kabla hata sekunde moja haijaisha. Ina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyezeni kila mwezi. Isipokata, zimeni pampu na mwite fundi.

3. Kebo ya nje. Itumike kebo yenye ngao ya chuma, izikwe futi mbili hivi, mbali na jembe. Viungo vya kufungwa kwa nailoni havifai kamwe.

4. Swichi na soketi ziwe mbali na maji, juu ya ukuta, ndani ya kibanda kisichovuja.

5. Fundi awe na leseni ya EPRA. Mwombeni awaonyeshe, na akimaliza awape cheti cha kazi. Fundi wa bei rahisi anaweza kuwa ghali kuliko wote.

Mtu akinaswa na stima

Usimshike! Utanaswa na wewe pia. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama mahali pakavu, umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, anayejua huduma ya kwanza aanze kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua, wengine watafute gari la kwenda hospitali.

Mkisikia mtekenyo mdogo mkigusa bomba, msiseme "ni kawaida." Hiyo ni onyo. Zimeni siku hiyo hiyo, hata kama shamba litakauka kidogo.

Maswali ya kujadiliana

1. Swichi kuu ya pampu yetu iko wapi? Je, kila mwanachama na watoto wakubwa wanaijua?
2. Swichi ya 30 mA tunayo? Ilibonyezwa lini mara ya mwisho?
3. Nani atapewa kazi ya kukagua kila mwezi na kuandika kitabuni?
4. Tutenge kiasi gani katika mfuko wetu kwa ajili ya fundi?

Msifunge mkutano kabla ya kuandika jina la mtu kwa swali la tatu. Kazi ya wote ni kazi ya hakuna.