Kuhamishia barua pepe za kompyuta kwenye simu ya kugusa

Wafanyabiashara wengi wa Kigali wana kompyuta moja ofisini inayobeba barua pepe zote za kazi. Wakala wa forodha wa Dar es Salaam anatuma nyaraka za kontena, mteja wa Bukavu anaulizia ankara yake, na mwenye ofisi yuko Nyabugogo anasimamia upakiaji wa mzigo. Simu anayo mkononi, lakini barua zimebaki ofisini. Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, na kompyuta yako inatumia Thunderbird, fuatana nami. Programu hiyo ni ya bure, na sasa ina toleo la simu za Android.

Huenda unajiuliza kwa nini programu ya kompyuta isiwekwe tu kwenye simu kama ilivyo. Thunderbird 1.0 ilitoka Desemba 2004, wakati kazi yote ilifanywa kwa kipanya na kibodi. Skrini yake imegawanywa vyumba vitatu: folda, orodha ya barua, na barua yenyewe. Mambo mengi hupatikana kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya, na kidole hakina kitufe cha kulia. Tena kidole ni kinene. Google huwashauri watengenezaji wa programu za Android kwamba kila kinachoguswa kiwe na upana wa karibu milimita 9, la sivyo mtu atagusa kingine. Ukiviminya vyumba vile vitatu kwenye skrini ya simu, utafuta barua uliyotaka kuifungua.

Kwa hiyo wenye Thunderbird hawakuipunguza programu yao. Juni 2022 walitangaza kuichukua K-9 Mail, programu ya Android iliyokuwapo tangu 2008 na iliyoundwa kwa ajili ya kidole tangu mwanzo, wakaifanyia kazi na kuitoa kwa jina la Thunderbird tarehe 30 Oktoba 2024. Naona waliamua vema. Lakini ujue maana yake kwako: ya simu na ya kompyuta zina jina moja, ila ndani ni programu mbili tofauti. Kalenda ya kwenye kompyuta haiji kwenye programu ya simu. Vichujio, yaani zile amri za kupeleka barua za mteja fulani kwenye folda fulani, navyo haviji.

Kabla ya kugusa simu, jibu swali moja: barua zako zinakaa wapi? Hapa ndipo watu hupoteza kumbukumbu za miaka, kwa hiyo tusiende haraka. Kuna njia mbili za kupokea barua pepe. Ya kwanza inaitwa POP. Ni kama kwenda kwenye sanduku la posta, kuchukua barua na kuziweka nyumbani. Sanduku linabaki tupu. Ya pili inaitwa IMAP. Hapo barua hubaki kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayowaka usiku na mchana, nawe unazisoma kutoka kifaa chochote.

Kujua unatumia ipi, fungua Thunderbird kwenye kompyuta, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, kisha ubofye “Server Settings”. Juu kabisa utaona aina ya seva. Ukikuta IMAP, ruka aya inayofuata.

Ukikuta POP, simu yako itaonyesha barua chache za karibuni tu, kwa sababu nyingine zimo ndani ya kompyuta. Mara nyingi programu huwa imepangwa kuziacha barua kwenye seva kwa siku 14 tu, kisha izifute. Dawa yake ni hii. Kwanza, funga Thunderbird na unakili folda yake yote ya data kwenye diski ya nje au flashi. Mahali folda hiyo ilipo utapaonyeshwa kwenye menyu ya msaada, sehemu ya “Troubleshooting Information”. Pili, ongeza anwani ileile kama akaunti mpya, safari hii ukichagua IMAP. Tatu, nakili barua za zamani kutoka folda za POP kwenda folda za IMAP, folda moja baada ya nyingine. Nakili, usihamishe, ili intaneti ikikatika katikati usipoteze kitu. Kabla ya hapo, muulize mtoa huduma wako una nafasi kiasi gani. Akaunti ya bure ya Gmail ina GB 15, ikijumlisha picha na mafaili mengine uliyohifadhi Google, lakini anwani za kampuni ndogo zinazokuja pamoja na tovuti mara nyingi huwa na nafasi ndogo kuliko hiyo. Fanya kazi hii jioni wateja wakishaondoka. Barua za miaka mitano zinaweza kuchukua saa nyingi kupanda.

Sasa tuje kwenye simu. Ingia Play Store, tafuta Thunderbird, uipakue. Hailipiwi hata faranga moja. Mtu akikutoza pesa kwa ajili ya programu yenyewe, kataa. Kumlipa fundi kwa muda wake ni jambo jingine, na mpatane kabla hajaanza. Ikiwa simu yako ni ya zamani mno, Play Store yenyewe itakuambia kwamba programu haiikubali.

Huna haja ya kuandika mipangilio yote upya kwa kidole. Kwenye kompyuta, hakikisha Thunderbird imesasishwa, bofya mistari mitatu iliyo juu upande wa kulia, ingia “Tools”, kisha “Export for Mobile”. Chagua akaunti unazotaka, na mchoro wa QR utatokea kwenye skrini. Kwenye simu, chagua kuingiza mipangilio, kisha uelekeze kamera kwenye mchoro huo. Kompyuta itakuuliza kama nywila ziwekwe ndani ya mchoro. Ukikubali, hakikisha hakuna anayeupiga picha nyuma yako, kwa maana mwenye mchoro huo atakuwa na funguo zako. Kwa Gmail utaombwa kuingia tena kupitia ukurasa wa Google, na hilo ni la kawaida.

Barua zikishaonekana, ifundishe programu kuelewa kidole chako. Kwenye mipangilio ya jumla kuna sehemu iitwayo “Interaction”. Humo utachagua barua ifanywe nini ukiitelezesha kulia au kushoto. Ushauri wangu ni kwamba kutelezesha kusiwe kufuta kabisa. Simu hutumiwa juu ya pikipiki, ndani ya daladala, mkono mmoja ukishika chuma; kidole huteleza. Weka kuhifadhi kwenye kumbukumbu upande mmoja, na kuweka alama ya kusomwa upande wa pili. Hapohapo, washa ulinzi unaoifanya programu iulize kabla ya kufuta.

Na gharama ya bando? Barua ya maneno matupu ni nyepesi sana. Kinachokula MB ni viambatisho, hasa picha na nyaraka zilizoskaniwa. Programu ina kipimo cha ukubwa wa barua inayopakuliwa yenyewe. Kiache kidogo, na kiambatisho kizito kitasubiri mpaka ukiguse. Barua zisipofika kwa wakati, usilaumu mtandao kwanza. Simu nyingi huzilaza programu ili kutunza betri, kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya betri na uiruhusu Thunderbird ifanye kazi chinichini. Upakuaji wa kwanza kabisa wa barua nyingi ufanyie kwenye Wi-Fi ya ofisi.

Majina ya wateja pia yana njia yake. Programu ya simu husoma kitabu cha majina cha simu yenyewe, si kile cha kompyuta. Toa kitabu cha anwani cha kompyuta kama faili la vCard, jitumie kwa barua pepe, ulifungue kwenye simu na uyaingize majina. Vichujio navyo usivitafute kwenye simu: viweke upya kwenye tovuti ya mtoa huduma wako, ili vifanye kazi hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Wenye kompyuta mpakato ya Windows yenye skrini ya kugusa hawahitaji kuhama. Kwenye mistari ileile mitatu kuna “Density”. Chagua nafasi pana zaidi, kisha ongeza ukubwa wa maandishi. Orodha ya barua ibadilishe iwe ya kadi, na kila barua itakuwa kisanduku kinachoguswa bila kubahatisha. Ukibonyeza na kushikilia kidole, utapata menyu ya kitufe cha kulia. Wenye iPhone watumie programu ya Mail iliyomo ndani ya simu yao, na wao pia wachague IMAP.

Jambo la usalama lina uzito wake hapa Rwanda. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na barua zako huenda zina nakala za pasipoti na vitambulisho vya wateja. Funga simu kwa namba au alama ya kidole. Ikiibiwa, ingia kwenye akaunti yako kupitia kompyuta siku hiyohiyo, ubadilishe nywila na uondoe kifaa hicho kwenye orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa. Kwa kuwa unatumia IMAP, barua zenyewe zitabaki kwenye seva.

Kompyuta ya zamani usiiuze wala usiifute mapema. Kwanza tafuta kwenye simu barua tatu au nne za miaka tofauti, ufungue viambatisho vyake, na ujitumie barua ya majaribio kutoka anwani nyingine. Zote zikifika na kufunguka, hapo ndipo uiachie.