Maji Hayajawahi Kufika Hapa
Elimu kwa wakazi wa mabondeni na kandokando ya mito

Mwambie mkazi wa bondeni ahame kabla ya masika, huenda akakujibu, “Maji hayajawahi kufika hapa,” na huenda anasema kweli. Akili huipima mvua ya leo kwa mvua ilizowahi kuziona. Mvua iliyoikumba Dar es Salaam Desemba 2011 ilitajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Hata mtu mzima aliyezaliwa na kukulia katika bonde la Jangwani jijini humo huenda hakuwa na kumbukumbu ya maji kama yale. Watu wapatao 40 walifariki.

Baadhi ya waathirika wa mafuriko hayo waliopewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji, walirudi bondeni. Tusiwaite wakaidi upesi. Riziki yao iko karibu na soko la Kariakoo. Ila kila msimu unaopita salama humshawishi mtu kwamba hatari imekwisha.

Tahadhari isiyotimia nayo hutupumbaza. Aprili 2021 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitahadharisha kuhusu kimbunga Jobo, kikadhoofika kabla ya kufika pwani. Ni rahisi kusema tulitishwa bure. Mei 2024 kikaja Hidaya: boti za Zanzibar zilisimama, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi pale Somanga. Utabiri hueleza uwezekano, na kuhama bure usiku mmoja ni hasara ndogo.

Hatari kubwa zaidi ni kutazamana. Kila mmoja anamsubiri jirani afungashe. Jirani naye anakusubiri wewe. Penye mto uliofurika, dereva humwangalia wa mbele, na abiria humwachia dereva. Desemba 2021, huko Kitui, Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu, zaidi ya watu 30 wakafa. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulibeba gari dogo. Abiria, una haki ya kusema, “Dereva, nishushe.”

Kwa hiyo amueni kungali na jua. Wekeni alama ukutani au kwenye nguzo ya daraja: maji yakigusa hapo, tunaondoka, hakuna mjadala. Aliyepangiwa kumbeba bibi ajulikane leo. Vyeti viwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki. TMA ikitangaza rangi nyekundu, yaani tahadhari kubwa, msisubiri hata hiyo alama. Mkikwama, pigieni simu Zimamoto na Uokoaji, 114.