Mafunzo Niliyopata Keko

Nilitoka Lindi na cheti cha darasa la saba na namba ya simu ya mjomba. Leo ni seremala hapa Keko, Dar es Salaam, na wanangu wanasoma. Haya nayasema kwa kijana anayeanzia nilipoanzia mimi.

1. Tafuta mlezi kabla ya mtaji. Mzee aliyenipokea kwenye karakana yake alinikabidhi msasa. Nilisugua vitanda hadi nikajua kutofautisha mninga mkavu na mbichi, ambao kitanda chake hupinda baada ya muda. Kisha akanifundisha kupiga hesabu ya kazi: mbao, misumari, gundi, vanishi, umeme, usafiri, ndipo uweke bei ya ufundi. Asiyeijua hesabu hii aweza kufanya kazi mwaka mzima akila hasara. Siku moja oda zilipomzidi, alimleta mteja kwangu akamwambia, "Huyu ni mwanangu, akikosea nidai mimi." Dhamana ile hakuna benki ambayo ingenipa.

2. Imani ionekane kwenye advansi. Naswali, na naamini riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Fedha anayotanguliza mteja ni amana, na amana nitaulizwa. Wapo mafundi wanaotumia fedha ya mteja wa leo kununulia mbao za mteja wa jana. Deni la namna hiyo haliishi. Siku ambazo nyumbani hapakuwa na unga nilikwenda kubeba mizigo sokoni Tandika, na advansi ya mtu ikabaki palepale.

3. Ujuzi wa mtaani una cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Kachukue.

4. Elimu bila ada haijamwondolea baba wajibu. Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na sita. Ni msaada mkubwa sana kwa sisi tusio na kitu. Lakini sare, madaftari, nauli na chakula cha mchana ni vyetu. Nikilipwa, fungu la shule hutoka kwanza, kisha ndipo nanunua mbao. Na kwenye vikao vya wazazi mara nyingi naona akina mama peke yao. Baba mwenzangu, kikao kijacho funga karakana, nenda ukamuulize mwalimu mtoto wako anaendeleaje.