Kisii na Nyamira: Panga Safari kwa Saa ya Mvua

Wageni wengi hupita Kisii wakielekea kwingine. Hushuka stejini, hununua ndizi, kisha huendelea na safari ya Migori au Kisumu. Hukosa mengi. Milima ya Gusii yafaa kupewa siku tatu, na kabla ya kuweka nafasi ya kulala, mgeni ajue mvua hunyesha saa ngapi.

Mimi huanzia hapo kila ninapompangia mtu safari hii. Upepo unaotoka Ziwa Victoria hupanda vilima mchana, mawingu hujikusanya, na alasiri mvua humwagika, wakati mwingine ya mawe. Machi hadi Mei hunyesha zaidi. Januari, Februari na Julai huwa na afueni. Kwa hiyo matembezi yote yafanywe asubuhi, na alasiri iachiwe chakula na mazungumzo. Viatu visivyoteleza ni lazima.

Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Narok, Bomet, Sotik na Keroka. Anayekuja kwa ndege anaweza kutua Kisumu, kisha apande matatu kupitia Ahero na Oyugis.

Siku ya kwanza ni ya mji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, na msongamano huo unaonekana wazi katika soko la Daraja Mbili. Mikungu ya ndizi, ovakado na mboga za kienyeji hutoka mashambani mwa Wagusii; dagaa aina ya omena hutoka upande wa ziwa. Mjini wanaishi pia Waluo, Wakipsigis, Wasomali, Wahindi na Wanubi, na biashara kati yao huenda kwa Kiswahili. Hata hivyo, anayesalimia kwa Kigusii, “Bwakire”, asubuhi hupokewa kama mtu aliyejisumbua kuwajua wenyeji. Chakula cha mchana kiwe ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu kiasi inayopikwa kwa maziwa mpaka ilainike.

Siku ya pili ni ya Tabaka, kwa wachongaji. Jiwe la sabuni huchimbwa kwa mikono, hukatwa kwa panga na kuchongwa kwa visu vidogo. Kisha kinyago huingia kwenye karai la maji. Kinamama huketi kando yake wakisugua kwa msasa. Maji hugeuka meupe kama maziwa, na mishipa ya rangi ya waridi iliyofichwa na vumbi hujitokeza kwenye jiwe. Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye kazi yake imesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris, ametoka katika jadi hii hii.

Siku ya tatu mgeni aende Nyamira. Apande ukingo wa Manga mapema, kabla ukungu haujarudi, kwani siku ya anga safi huonekana mji wa Kisii na, mbali zaidi, ziwa. Kisha ashuke kwenye mashamba ya majani chai ya Kebirigo, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha za wachumaji, kwani wako kazini.

Ombi langu ni moja. Kinyago kile kile utakikuta madukani Nairobi, lakini kinunue Tabaka, mkononi mwa aliyekichonga, na usimkabe kwa bei. Umeona kazi aliyoifanya.