Hela Isiyo na Foleni: Vidokezo kwa Kaya za TASAF, Tunduma Hadi Ileje

Zamani siku ya malipo ya TASAF ilikuwa siku kweli. Walengwa wamekaa kwenye darasa la shule tangu saa mbili asubuhi, majina yanasomwa, mtu anachovya dole gumba kwenye wino, anahesabu noti zake mbele ya kijiji kizima. Muuza mandazi anajua umelipwa. Anayekudai anajua. Mumeo anajua. Siku hizi hela inaingia kwenye simu saa nne usiku, inalia mara moja, na mwenye simu amelala.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, upo tangu mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulikuja katika awamu yake ya tatu. Februari 2020 kikazinduliwa kipindi cha pili cha awamu hiyo, na ndani yake malipo ya simu na benki yamezidi kushika nafasi ya yale ya mkononi.  Kilichobadilika zaidi ni tabia ya hela yenyewe. Nimekaa na jirani yangu, bibi mmoja wa Chapwa anayelea wajukuu wanne, tukachambua yaliyomkuta tangu ahamie kwenye simu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. Laini iwe yako, si ya mjukuu

Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Wazee wengi hawakuwa na namba ya NIDA wakati huo, kwa hiyo kijana wa nyumbani akaazimisha kidole, mambo yakaenda. Shida huja pale jina la kwenye orodha ya walengwa linapokuwa la bibi na jina la kwenye laini ni la kijana aliyevuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kubeba mizigo na hajarudi. Malipo yanagoma, nawe unaambiwa usubiri dirisha lingine la malipo, yaani miezi miwili.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Kama laini unayotumia haimo, nenda ukasajili upya kabla ya dirisha, si baada. Na kama unalima, sababu ni mbili: mbolea ya ruzuku, ile iliyozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane 2022, nayo inakutafuta kwenye simu hiyohiyo.

2. Kagua kama laini ina deni

Hili halisemwi kwenye mikutano. Mtu akikopa kwa simu, hela yoyote inayoingia inaweza kukatwa deni kwanza. Bibi wa Chapwa alikuta ruzuku imepungua akadhani kaonewa ofisini. Kumbe mjukuu alikuwa amekopa kidogokidogo kupitia laini hiyo, hela za vocha na chipsi, na simu ikajilipa yenyewe. "Mwanangu, sikujua kama simu nayo ina mdomo," aliniambia. Namba ya siri sasa anaijua yeye peke yake, na mjukuu ana laini yake.

3. Miezi miwili ni wiki nane na siku kadhaa

Hapa ndipo penye kazi. Mtu aliyezoea kibarua cha kupalilia au kupakua malori anaishi kwa siku: leo amepata, leo amekula. Ruzuku inakuja kwa mkupuo wa miezi miwili, na tarehe haijulikani kwa uhakika. Dirisha linaweza kuchelewa. Nyumba iliyopanga kwa siku 60 hujikuta imefika siku ya 75 inakopa chumvi.

Njia ya bibi ni hii. Tuseme imeingia 48,000. Hagawi kwa wiki nane, anagawa kwa kumi. Kila wiki 4,800, basi. Dirisha likiwahi, wiki mbili zilizobaki ni faida, anaongeza kuku. Likichelewa, anapumua.

Ila kabla ya kugawa chochote, nafaka kwanza. Kwetu mvua ni msimu mmoja. Mahindi yanashuka bei Juni na Julai wakati Mbozi yote inavuna, na yanapanda Januari na Februari wakati ghala limebaki vumbi. Kwa hiyo madirisha ya katikati ya mwaka ni ya mahindi: nunua gunia, au hata nusu, weka kwenye mfuko wa kinga njaa, funga. Aliyenunua Julai kwa debe hataki kusikia bei ya sado mwezi wa pili. Dirisha la Novemba na Desemba ni la madaftari na sare, kwa sababu shule inafunguliwa Januari bila huruma. La Januari na Februari halina mpango wowote duniani. Hilo linaliwa. Tusidanganyane.

4. Ajira za muda zina mfuko wake

Kaya yenye mtu mwenye nguvu hupata ajira za muda: kuchimba bwawa, kufungua barabara ya kijiji, kupanda miche. Kwa viwango vya kipindi cha pili, siku hazizidi 60 kwa mwaka, kwa 3,000 kwa siku. Ukizifanya zote ni 180,000. Kosa la wengi wetu ni kuichanganya hela hiyo na ruzuku ya chakula, ikayeyuka. Mimi ningeiita hela ya bati. Bati kadhaa, au nguruwe mmoja mdogo, au hisa za kikundi kwenye lile sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Kitu ambacho ukiamka asubuhi bado unakiona.

5. Soma bango la makato

Kutoa hela kuna gharama, na gharama inapanda kwa ngazi. Kutoa 10,000 mara nne mara nyingi kunakula zaidi kuliko kutoa 40,000 mara moja. Piga hesabu na wakala kabla hujabonyeza. Duka lenye Lipa Namba linaweza kukuondolea safari ya kwa wakala kabisa: unga na sabuni vinalipwa moja kwa moja. Kama wakala yuko mbali, tuseme unashuka kutoka kitongoji cha Ileje, ongeza nauli kwenye hesabu. Bodaboda ya kwenda kutoa hela imeshakula hela ya watu wengi.

6. Rudisha mashahidi

Ule mkutano wa zamani ulichosha, lakini ulikuwa na kazi moja ambayo simu haiifanyi: kila mtu aliona. Mama, ambaye ndiye hupokea kwenye kaya nyingi, hakuhitaji kueleza amepata ngapi. Sasa ujumbe ni siri ya simu, na siri ndani ya nyumba yenye njaa ni ugomvi. Mwanaume anahisi kuna hela imefichwa. Watoto wanahisi baba kaipora.

Bibi wa Chapwa amejitengenezea mkutano wake. Akitoka kwa wakala anatandika mkeka, anawaita wajukuu wote wanne, anapanga noti mstari mmoja. Mmoja, aliye darasa la sita, anasoma ujumbe kwa sauti: kiasi, makato, salio. Wa pili anaandika kwenye daftari. Kisha kila fungu linatajwa jina, "hii ya mahindi, hii ya kalamu, hii ya mgonjwa." Mdogo kabisa kazi yake ni kuhesabu tena. Nilishuhudia siku moja. Alikosea, wakaanza upya, na hakuna aliyekasirika.

7. Kwacha isikuvuruge

Tunduma tunaishi na pochi mbili. Sukari ikiwa nafuu upande wa pili, mtu anavuka Nakonde. Unga ukiwa nafuu huku, wao wanakuja. Hakuna ubaya. Ila ruzuku inakuja kwa shilingi, na kila unapoibadilisha unamwachia mbadilishaji kitu. Vuka kwa bidhaa moja unayoijua bei, si kwa kutembea tu. Wenye umri wetu tunakumbuka Januari 2013, Zambia ilipokata sifuri tatu kwenye kwacha yake: watu walishika noti mpya wakahisi wametajirika au wamefilisika, na mfuko wa unga ulikuwa uleule. Noti zinadanganya macho. Hesabu kwa sado.

Jambo lingine la mpakani: karibu na mpaka simu hudaka mtandao wa Zambia. Ukisubiri ujumbe wa malipo na hauji, angalia kwanza jina la mtandao juu ya kioo.

8. "Ile hela tuma kwenye namba hii"

Usitume. Wala usimtajie namba ya siri anayejiita "TASAF makao makuu". Ujumbe wa namna hiyo upeleke 15040, kisha endelea kupalilia.

9. Ikipungua, uliza kuhusu masharti kwanza

Sehemu ya ruzuku inategemea watoto: wadogo wapelekwe kliniki, wakubwa waende shule. Mahudhurio yakikosekana, kuna makato. Kwa hiyo kabla ya kugombana, muulize mwalimu daftari la mahudhurio linasemaje. Mara nyingi mtoto alikuwepo shuleni ila jina limeandikwa tofauti. Linarekebishika, ila mpaka uende. Na kwa kuwa ugonjwa nao hupunguza ruzuku, ukipata nafasi weka pembeni kidogokidogo kwa ajili ya bima ya afya. Mgonjwa mmoja anakula madirisha matatu.

10. Jizoeze kuhitimu

Tathmini hupita, na kaya iliyoonekana kuimarika hutolewa kwenye mpango. Inaitwa kuhitimu, ingawa hakuna joho. Wengi huipokea kama msiba kwa sababu ruzuku ilikuwa imeshageuka mshahara. Jaribu mapema: chagua dirisha moja katika msimu wa mavuno, toa ya mahindi tu, nyingine iache kwenye simu, uone nyumba inafika wapi kwa kuku, bustani na kibarua.

Bibi alijaribu Mei na Juni mwaka jana. Wiki ya tatu akashindwa, akatoa hela yote. Akajaribu tena Julai na Agosti, akafika wiki ya sita, akauza jogoo, akafika ya saba. Nilipomsalimia asubuhi moja ya wiki hiyo, shikamoo yangu aliiitikia akiwa ameinama, anahesabu vifaranga.