Kitunguu Kikishamezwa

Kata bilinganya, liache mezani kidogo, nyama yake inageuka kahawia. Oksijeni ya hewani, ikisaidiwa na vimeng'enya vya bilinganya lenyewe, imezinyang'anya molekuli fulani elektroni zake. Kunyang'anywa elektroni huko ndiko kuoksidishwa. Mwilini nako mambo hayo hutokea: seli zinapochoma chakula ili kupata nguvu, sehemu ndogo ya oksijeni hubaki ikiwa na njaa ya elektroni na kuzitafuta popote, hata kwenye mafuta ya utando wa seli na kwenye DNA. Molekuli inayokubali kutoa elektroni yake bila yenyewe kugeuka mnyang'anyi ndiyo antioksidanti.

Kitunguu maji, hasa chekundu, kina molekuli ya namna hiyo iitwayo kwesetini. Katika bomba la maabara inatoa elektroni kwa ukarimu mkubwa. Wauza virutubisho huishia hapo: ikifanya hivyo kwenye bomba, itafanya hivyo kwenye damu. Lakini kati ya mdomo na damu kuna utumbo na ini, na hao hawakuulizwa.

Tuanze na utumbo. Ndani ya kitunguu kwesetini haikai peke yake. Imeshikana na glukosi. Mtu angetazamia sukari hiyo iwe kikwazo, maana inaifanya molekuli iwe kubwa na ipende maji, ilhali utando wa seli ni wa mafuta. Mwaka 1995 Peter Hollman na wenzake nchini Uholanzi walilipima jambo hilo kwa watu tisa waliokuwa wameondolewa utumbo mpana. Kwa nini watu hao? Kwa sababu bakteria wa utumbo mpana huila kwesetini, na ukipima choo cha mtu wa kawaida hujui kilichopungua kimeingia mwilini au kimeliwa njiani. Matokeo yaliwashangaza wengi: kwesetini ya kitunguu ilifyonzwa kwa takribani asilimia 52, ile tupu isiyo na sukari asilimia 24, na rutini, yaani kwesetini iliyoshikana na sukari ya aina nyingine, asilimia 17.

Sababu ilieleweka baadaye. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kinachovunja laktosi, sukari ya maziwa. Kimeng'enya hichohicho huikata glukosi ya kitunguu pale pale mlangoni pa seli, na kwesetini iliyoachwa huru hupenya ndani. Sukari ya rutini hakiiwezi, kwa hiyo rutini huendelea na safari hadi kwa bakteria.

Sasa linakuja jambo ambalo matangazo hayalisemi. Kwesetini ikishaingia tu, seli za utumbo, na kisha ini, huichukulia kama kitu kigeni. Huibandika vipande vingine, kama asidi ya glukuroniki, salfeti na methili, ili iyeyuke vizuri majini na itolewe kwa mkojo au nyongo. Parasetamoli hutendewa vivyo hivyo. Na vipande hivyo hubandikwa wapi? Mara nyingi ni pale pale kwesetini inapotolea elektroni zake! Kinachozunguka kwenye damu, basi, si ile molekuli iliyosifiwa maabara.

Tena ni kidogo. Baada ya mlo wenye vitunguu vingi, mara nyingi damu hupata kwesetini isiyofika maikromoli 1 kwa lita. Vitamini C huwa karibu 50, na asidi ya yuriki, taka ya mwili wenyewe ambayo nayo ni antioksidanti, huwa mamia. Katika kugawa elektroni, mchango wa kitunguu hauonekani.

Mboga hazina kazi, basi? Sidhani. Kiasi kisichotosha kugawa elektroni chaweza kutosha kugusa protini zinazopeleka amri ndani ya seli, na huko ndiko watafiti wengi wamehamia. Bakteria nao huivunja kwesetini iliyobaki kuwa asidi ndogondogo zinazofyonzwa upya, na kwa kuwa bakteria wa mtu mmoja si wa mwingine, watu wawili waliokula sahani moja hawapati kitu kilekile. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyaondoa majedwali yake ya nguvu ya antioksidanti katika vyakula, kwa kuwa namba za maabara hazikuonyesha kinachotokea mwilini na wauzaji walikuwa wakizitumia vibaya.

Jikoni, kwesetini huvumilia moto kiasi, ila ikiwa na sukari yake huyeyuka majini. Ukichemsha kitunguu, sehemu yake huhamia kwenye mchuzi, nawe utaipata ukiunywa mchuzi huo. Anayekifikicha kitunguu cha kachumbari kwa chumvi, akakikamua na kumwaga maji, humwaga na sehemu ya kwesetini. Tabaka za nje ndizo zenye nyingi zaidi, kwa hiyo ni hasara kumenya tabaka mbili pale ambapo ganda kavu peke yake lingetosha.