Kujikanda kwa Mpira: Suala la Kitenzi

Misuli inayokaza mabegani na mgongoni kwa kuinamia vitabu ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili analijua. Nafuu nyepesi ipo: mpira mdogo, kama ule wa tenisi, unaobanwa kati ya mwili na ukuta. Makala haya yanauliza swali moja kuhusu mpira huo: anayeutumia anafanya nini hasa? Mfasiri mwenye haraka atajibu kwamba "anajisugua", au atatohoa "masaji" na kwenda zake.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, lugha imekwisha kuyagawa mambo haya. Bibi harusi husingwa: hupakwa na kusuguliwa singo yenye liwa na manukato ili ngozi ing'ae. Aliyeteguka mguu huchuliwa. Mikono yenye mafuta hukandamiza huku ikifuata urefu wa msuli. Mzazi, katika siku zake arubaini, hukandwa: kitambaa cha maji moto hubanwa kiunoni, kikaondolewa, kikarudishwa. Unga wa mahamri nao hukandwa, na mpishi hausugui.

Kazi ya mpira basi ni ya kukanda: kubana na kuachia. Aliyedhani ni kusugua atauviringisha mbiombio, na atainuka na ngozi iliyochubuka na bega lililokaza vilevile.

Lipo pia suala la kirejeshi. Kwa kanuni za uambishaji, "kujichua" lingetufaa. Ila matumizi ya mitaani yamekwisha kulifanya tafsida ya punyeto, na sidhani kama yupo mhadhiri atakayeliandika ubaoni kwa utulivu. "Kujikanda" halina mzigo huo.

Kuta nene za mawe ya matumbawe katika mji huo zinafaa mno, mradi lipu iwe laini. Msomaji asimame akiupa ukuta mgongo, miguu ikiwa mbele kidogo, mpira ukiwa kati ya uti wa mgongo na mfupa wa bega. Aegemee polepole, akunje magoti kidogo ili mpira upande, na akifika panapouma atulie hapo kwa nusu dakika hivi, akipumua. Maumivu yawe ya kuvumilika. Anayeuma meno amezidisha. Hamali aliyeshinda akisukuma mkokoteni Marikiti anaweza kuketi barazani na kuukanyaga mpira huo kwa unyayo, kisigino hadi vidoleni. Mpira wa kriketi ni mgumu mno kwa anayeanza.

Husemwa kwamba mpira "huvunja mafundo" ya misuli. Tafiti zinaelekea zaidi kwenye mishipa ya fahamu: mbano hupunguza hisia ya maumivu, na kiungo hupata wepesi wa muda mfupi tu. Ndiyo maana zoezi hurudiwa, na anayerudi kuinama saa tano mfululizo atakaza tena.

Mpira usiwekwe juu ya uti wenyewe wala mbele ya shingo. Mguu mmoja uliovimba na kuuma, ganzi isiyoisha, au jeraha jipya, ni mambo ya daktari. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia nyayoni naye asiukanyage, kwani hataujua wakati unapomuumiza.